Tausi Aliyezikwa Urimi

Tarehe 17 Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulipiga kambi mahali alipopaandika kwa jina la Chiwyu, katika nchi aliyoiita Urimi. Ndiyo nchi ya Warimi, watu ambao Watanzania wengi wanawajua zaidi kwa jina la Wanyaturu, na leo imo ndani ya mkoa wa Singida. Siku hiyo alifariki kijana mmoja Mwingereza. Homa ilimwangusha walipokuwa mahali paitwapo Suna, na kutoka huko alibebwa kwa machela. Stanley aliandika kuwa ni tifasi. Walimchimbia kaburi chini ya mgunga mkongwe wenye matawi mapana, na ndugu yake, Frank, akachonga msalaba kwenye shina.

Marehemu aliitwa Edward Pocock. Jina hilo la ukoo, ukilirudisha kwenye Kiingereza cha zamani lilikotoka, ni tausi.

Habari za Stanley zimeandikwa sana, na wanaozisoma huzisoma kwa ajili ya Nile, Kongo na vita. Mimi hunivuta majina. Katika safari ile, kwenye ardhi ya Singida na katika mwezi huo mmoja, walikufa watu wawili ambao majina yao yalianza kama utani wa majirani au wenzao kazini. Mmoja alilirithi jina lake kutoka kwa mababu wa kaunti za Uingereza. Wa pili alilipata yeye mwenyewe, kwenye njia za misafara ya pwani na bara. Kuwaweka hawa wawili pamoja kunatuonyesha jinsi jina la utani linavyogeuka ubini, na kwa nini lakabu nyingine hubaki barazani na kufa na mwenyewe.

Nianze na Edward. Yeye na Frank walikuwa wana wa mvuvi wa Kent, kwenye mto Medway, kusini mashariki mwa Uingereza. Edwin Arnold, mwandishi wa gazeti la Daily Telegraph, alimfahamu baba yao kwa sababu ya shughuli za mashua yake, na ndiye aliyewapendekeza vijana hao kwa Stanley. Gazeti hilo na New York Herald la Marekani ndiyo yaliyogharamia safari. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356 kwa hesabu ya Stanley, pamoja na mashua iliyokatwa vipande, Lady Alice. Edward alipewa kazi ya kupiga baragumu. Alikuwa amezoea kulipiga muda mrefu, na alimfundisha kiongozi wa njia, Hamadi, maana ya kila mlio ili msafara usimame au uondoke kwa ishara moja.

Kutoka Ugogo waliiacha njia ya kawaida ya kwenda Unyanyembe wakashika kaskazini, na hapo taabu ikaanza. Waliingia pori lisilo na chakula. Watu walianguka njiani kwa njaa. Stanley aliagiza sanduku lake la chuma la kuwekea nguo litolewe nguo, lijazwe maji, litelekwe motoni na kupikiwa uji wa unga mchache uliokuwepo, ili kila mtu apate kidogo. Aliwatuma watu mbele kwenda Suna kutafuta nafaka. Wanyaturu wa Suna waliwauzia, na nafaka hiyo ndiyo iliyouokoa msafara. Ni neno ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka kwa sababu wanakimbilia mapigano yaliyofuata.

Sasa tausi huyu alifikaje kuwa jina la mvuvi wa Kent?

Waingereza wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo kabla ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066, na baadaye majina hayo yaliingia polepole kwa karne tatu au zaidi. Shida yao ilikuwa uhaba wa majina ya ubatizo. Wanaume wengi mno waliitwa John, William, Robert, Richard au Thomas, na katika kijiji chenye John kumi lazima kila mmoja atafutiwe alama. Wengine waliitwa kwa mahali walikotoka, wengine kwa jina la baba, wengine kwa kazi ya mikono yao. Fungu la nne ndilo tamu kuliko yote: waliitwa kwa jinsi majirani walivyowaona. Mwenye mkono wenye nguvu akawa Armstrong. Mwenye nywele nyekundu akawa Russell. Mrefu akawa Long au Longfellow, mwenye kasi akawa Swift, mjanja akawa Fox. Aliyekunywa maji wakati wenzake wanakunywa pombe akawa Drinkwater, na huenda wengine walipewa jina hilo kwa kinyume, kwa sababu maji hawakuyagusa kabisa. Anayejua utani wa kwetu ataelewa mara moja.

Katika fungu hilo ndimo alimo Pocock. Kijiji kilimwona mtu anatembea kifua mbele, amevaa rangi zilizomzidi cheo, kikamwita tausi. Yapo pia maelezo mengine ya wanaochunguza majina, kwamba huenda baadhi ya watu walilipata kwa kushinda tausi kwenye mashindano, au kwa kukaa kwenye nyumba yenye alama ya ndege huyo mlangoni. Maelezo ya maringo ndiyo yanayokubalika zaidi. Tofauti ya Pocock na Peacock ni ya matamshi tu: kusini mwa nchi watu wengi walitamka kwa o, kwingine kwa e, kila karani akaandika alichosikia, na leo ni koo mbili zenye ndege mmoja.

Aliyelifunga jina ni karani. Mwaka 1377, halafu 1379, halafu 1381, serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa. Watozaji walihitaji kumtambua kila mtu mzima ili asilipe jirani yake badala yake, wala asikwepe kwa kusingizia kuwa John mwingine. Mtu akaulizwa anaitwa nani, au akaulizwa jirani yake, na kilichotamkwa kikaandikwa. Katika karne hiyo majina yakawa ya kurithi katika sehemu kubwa ya nchi. Mtoto wa tausi naye akaandikwa tausi, hata kama alikuwa mpole asiyejua kuringa, na wajukuu wakasahau kabisa nani alichekwa na kwa lipi. Miaka mia tano baadaye mtoto wa mvuvi analiandika jina hilo kwenye mkataba wa kwenda Afrika, na kwake halina tena maana yoyote zaidi ya kwamba ni la baba.

Kwa Waswahili tausi hakupata msiba huo. Ndege huyu ametufikia na jina lake la Kiarabu, na tangu hapo amekuwa sifa. Tunawapa mabinti zetu jina la Tausi na hakuna anayecheka. Mama anayemwita hivyo mwanawe anamtakia uzuri. Ndege wenyewe wanatembea kwenye bustani za Ikulu ya Dar es Salaam kama wenye nyumba. Tunasema mtu anaringa kama tausi, na hata hapo mara nyingi kuna kumsifu ndani yake. Ndege ni mmoja, maringo ni yale yale, lakini kijiji cha Kiingereza kilimwona mwenye kujidai, pwani ikamwona mrembo.

Mtu wa pili anaandikwa na Stanley kwa tahajia ya Kaif Halek, na mahali pengine Kaif Halleck. Ni salamu ya Kiarabu: hali yako? Wapwani waliisikia kila siku kwa wageni wa Oman na Hadhramaut. Mtu hapewi jina la namna hiyo na mama yake siku ya kuzaliwa. Hulipata ukubwani, kwa wenzake, na mimi naamini kabisa lilitokana na mdomo wake mwenyewe, kwa sababu ndivyo lakabu zinavyozaliwa mpaka leo kwenye vijiwe vyetu: mtu ana neno lake asiloliacha, na neno linamgeukia.

Kaif Halek alikuwa tarishi. Dr John Kirk, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza mjini Zanzibar, alituma barua kwa David Livingstone aliyekuwa Ujiji, na mfuko wake ulikuwa na tarehe ya 1 Novemba 1870. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 aliukuta mfuko bado uko hapo na mbebaji wake, njia ikiwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo. Akamchukua Kaif Halek, wakaenda pamoja kwa njia ya kuzunguka, na Livingstone akazipokea barua zake mwishoni mwa 1871, zikiwa na umri wa mwaka mzima. Mkutano wa Ujiji unajulikana dunia nzima kwa maamkizi ya Stanley kwa Livingstone. Aliyeleta barua siku ile ni mtu ambaye jina lake zima lilikuwa maamkizi, na yeye hatajwi sana.

Mwaka 1874 aliandikwa tena katika msafara mpya. Baada ya kumzika Edward Pocock, watu walisonga mbele katika nchi ya Warimi. Kaif Halek alikuwa mgonjwa wa pumu, akabaki nyuma ya wenzake. Stanley alimtuma Manwa Sera, mkuu wa Wangwana, yaani watu wa pwani waliokuwa msafarani, arudi na watu kumtafuta, nao wakaikuta maiti yake kando ya msitu, imejaa majeraha. Siku chache baadaye, mahali paitwapo Vinyata, msafara na watu wa Ituru walipigana kwa siku kadhaa. Stanley alipoteza zaidi ya watu 20, akachoma vijiji, akaondoka kuelekea Usukuma na ziwa.

Hayo ni maelezo ya upande mmoja. Waliokuwa Vinyata hawakuacha kitabu. Walichokiona ni mamia ya wageni wenye bunduki na njaa wakiingia katikati ya mifugo yao, na wao walikuwa watu wa kulinda mifugo dhidi ya kila aliyepita. Waliokufa kwa upande wao hawana hata lakabu katika maandishi ya Stanley. Hili linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii. Tunaweza kulifuatilia jina la kijana wa Kent mpaka kwa babu yake aliyeringa karne sita kabla, lakini vijana wa Vinyata waliouawa ndani ya mkoa wao wenyewe hatuwezi kumtaja hata mmoja.

Orodha ya msafara ule ni shule ya majina. Yumo Mabruki Speke, aliyebebeshwa jina la Mzungu aliyemtumikia zamani, John Hanning Speke. Wamo kina Baraka, jina ambalo pwani walipewa wengi waliotekwa bara wakiwa na majina mengine. Frank Pocock mwenyewe alipewa jina na wapagazi: alikuwa Bwana Mdogo, kwa kuwa mkubwa alikuwa mwingine, na alipozama kwenye maporomoko ya Massassa katika mto Kongo tarehe 3 Juni 1877, jina hilo ndilo walilomlilia.

Stanley naye hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa mwaka 1841 huko Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands, akalichukua jina la mfanyabiashara wa New Orleans alipokuwa kijana Marekani. Baadaye, alipokuwa akipasua barabara kwenye miamba ya Kongo ya chini, wenyeji walimpa jina la Bula Matari, mvunja mawe, na halikuishia kwake: serikali yote ya kikoloni ya Kongo, pamoja na mateso yake, iliitwa hivyo kizazi baada ya kizazi. Kwenye jiwe la kaburi lake, Pirbright huko Uingereza, wamelichonga jina hilo la Bula Matari chini ya jina lake, na miaka yake, 1841 hadi 1904.

Huku kwetu karani alikuja na wakoloni. Kodi ya kibanda ya Wajerumani ilianza 1898, kisha wakaja Waingereza na daftari zao, misheni na ubatizo, shule na mahudhurio. Wanaume wa Iramba na Unyaturu waliokwenda migodini Sekenke au kwenye mkonge walisimama mbele ya meza wakaulizwa jina. Mtu aliyekuwa na jina la kuzaliwa, jina la ukubwani, jina la heshima kwa shemeji zake na lakabu ya wenzake wa rika, alitakiwa atoe moja. Alilolitoa siku ile, au alilolitaja mwenzake aliyesimama nyuma yake, likawa jina lake la serikali. Wajukuu wake wanaliandika mpaka leo.

Ndiyo maana nadai kwamba lakabu huwa ubini pale tu inapomwahi karani. Mifano mikubwa ya Afrika Mashariki inathibitisha. Kamau wa Ngengi alibatizwa mwaka 1914, akaitwa Johnstone Kamau, na alipokuwa akifanya kazi Nairobi alipenda kuvaa mkanda wa shanga uitwao kinyata. Watu wakamjua kwa mkanda. Akaanza kuliandika mwenyewe, Kenyatta, kabla jina lingine la ukoo halijaota mizizi kwenye vitabu. Kizazi kimoja tu baadaye jina la mkanda lilikuwa jina la ukoo la familia, na Uhuru Kenyatta akaapishwa nalo kuwa Rais mwaka 2013.

Kwa Nyerere haikuwa lakabu, ilikuwa jina la tukio, lakini njia ni ile ile. Chifu wa Wazanaki aliyemzaa Mwalimu alizaliwa wakati viwavi wameivamia nchi, akaitwa Nyerere, yaani kiwavi, mwana wa Burito. Mwanawe Kambarage alipoandikishwa shule, na baadaye kubatizwa Julius mwaka 1943, jina la baba likaingia mahali pa ubini, likabaki hapo. Baba huyo angezaliwa mwaka usio na viwavi, Taifa lingekuwa na jina lingine midomoni.

Mtazame sasa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Nchi nzima ilimwita Mzee Ruksa kwa sababu alifungua biashara iliyokuwa imebanwa. Ni lakabu yenye mapenzi na historia ndani yake, lakini mwanawe aliyeiongoza Zanzibar kuanzia 2020 ni Hussein Ali Mwinyi. Karani alikuwa amekwisha kuandika. Nyerere naye aliitwa Mchonga, kwa meno yake, na hakuna mtoto wa Mchonga kwenye daftari lolote.

Singida ina mfano wa pekee. Mohammed Dewji, aliyezaliwa mjini Singida mwaka 1975 na kuwa mbunge wa mji huo kuanzia 2005 hadi 2015, watu walimfupisha wakamwita Mo. Ubini wake ulikuwa umeshaandikwa siku nyingi, kwa hiyo Mo isingeweza kupita mlango huo. Imepita mlango wa biashara. Iko kwenye chupa za vinywaji na kwenye bidhaa za dukani, imesajiliwa, inalindwa kisheria. Alama za biashara nazo zina karani wao.

Jambo jingine la Tanzania linalotutofautisha na Waingereza ni kwamba ubini wetu bado unatembea. Wengi wetu tunaandika jina letu, la baba na la babu. Mtoto akizaliwa, jina la babu yetu linadondoka na la kwetu linasogea. Familia moja inaweza kuwa na majina mawili ya mwisho bila ugomvi wowote. Wakili Alute Mughwai na Tundu Lissu wa Ikungi ni ndugu wa damu. Mdogo ukiandika majina yake yote ni Tundu Antiphas Mughwai Lissu, na ndani yake umo pia ubini anaojulikana nao kaka yake. Mgeni kutoka Kent angedhani ni koo mbili.

Kutembea huko kunafikia mwisho mbele ya macho yetu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA, laini ya simu, akaunti ya benki na mkopo wa chuo vinataka majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, herufi kwa herufi. Kijana ambaye cheti chake cha darasa la saba kina jina la babu na kitambulisho chake kina jina la ukoo anajua gharama ya kiapo cha mahakamani. Wazazi wengi sasa wanachagua jina moja la mwisho na kulishikilia kwa watoto wote. Ni uamuzi wa busara kwao, na siwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba kizazi hiki, huko Kiomboi, Nduguti, Manyoni, Ikungi na mjini, ndicho kinachofunga majina ya koo za Singida, kama Waingereza walivyofunga ya kwao katika karne ya kodi ya kichwa.

Kwa hiyo jina la mwisho la mtoto anayezaliwa leo linaweza kuwa la babu aliyeitwa kwa mwaka wa njaa, kwa safari, kwa urefu wake, kwa pengo la meno, kwa ukali wake kwenye malisho. Wanaojua kisa cha kila jina wapo. Ni bibi na babu wenye umri wa miaka 80 na zaidi, wanaosema Kirimi, Kinyiramba, Kinyisanzu na Kigogo, na wanaokumbuka nani alimpa nani jina, kisimani au mnadani, na alikuwa amefanya nini. Maswali ya kuwauliza si mengi: babu aliitwa nani kabla ya kubatizwa au kusilimu, nani alimpa jina tunaloliandika, wenzake wa rika walimwitaje, na lile alilolichukia lilikuwa lipi. La mwisho lisiachwe, kwa sababu mara nyingi ndilo lenye kisa kirefu. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, na kazi hii inaweza kufanywa likizo ya Desemba, watoto wakiwa wamerudi nyumbani na mihogo iko jikoni.

Ukoo wa Pocock wanasoma maana ya jina lao kwenye kamusi za wataalamu, maana bibi wa kuwasimulia alishakufa kabla ya vitabu kuchapishwa Uingereza. Hawawezi kujua aliyeringa alikuwa nani, alivaa nguo ya rangi gani, wala nani alikuwa wa kwanza kumcheka. Huku Iramba mwenye jibu la swali la namna hiyo anaweza kuwa yuko uani sasa hivi, anapepeta uwele.